Nilijitolea kufundisha watu wazima Kiingereza Bweri, nikaishia kwenye kikao cha wakwe

Wakuu, habari za Jumapili.

Hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, na ugali na sato wa siku hiyo nilikula. Nilichobadilisha ni majina tu, maana watu wa Murangi, kijiji yalikotokea haya, nao wana simu.

Mimi nipo Bweri, Musoma. Nimemaliza chuo, ajira bado, mnaelewa wenyewe. Ukikaa nyumbani kila siku inafika mahali mama anakufuta vumbi kama kabati.

Nikasikia kuna watu wanajitolea kufundisha watu wazima kila Jumamosi mchana kwenye shule ya msingi hapa jirani. Kundi moja kusoma na kuandika, kundi lingine English. Nikapewa English.

Nilidhani ni kazi rahisi. Thubutu!

Kwanza madawati ni ya watoto. Mtu mzima akishaingia, kumtoa ni shughuli.

Pili, wale watu hawajui kudanganya kama tulivyozoeshwa sisi shuleni. Namuuliza Mzee Magesa, "How are you?" Badala ya kusema "I am fine" ananijibu, "Mwalimu, leo siko fine. Goti." Darasa zima linageukia goti. Kipindi kimeisha.

Ila aliyenitoa jasho ni Mama Nyangeta.

Huyu mama anauzaga samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, na sauti yake unaipata kabla hujamwona mwenyewe. Mambo ya "this is a cup" hakuyataka kabisa. Siku ya kwanza tu akaniambia, "Mwanangu, mimi nina haraka. Wakwe wanakuja."

Bintiye, Nyangeta mwenyewe, anafanya kazi hotelini Arusha. Huko kapata mchumba, kijana Mzungu kutoka Poland. Sasa wazazi wa kijana wanakuja mpaka Murangi, nyumbani kwa ukoo, kujitambulisha.

Nikamuuliza, "Si mtatafuta mtu wa kutafsiri?"

"Yupo. Shemeji yangu Mafuru, alikuwaga dereva wa watalii. Ndo maana nimekuja kwako."

"Sijakuelewa mama."

"Mafuru hatafsiri ulichosema. Anatafsiri ambacho angekisema yeye."

Basi kila Jumamosi anakuja na sentensi yake mkononi. Ya kwanza: "Mwanangu hajui kupika, msije mkasema sikuwaambia."

Nikaandika ubaoni, My daughter cannot cook. Darasa likaimba kwa nguvu, Mama Nyangeta anaongoza. Nadhani Bweri nzima ilishajua kwamba yule binti hajui kupika, na ilijua kwa Kiingereza.

Jumamosi moja akabaki wenzake walipoondoka. Akashusha sauti. Sikujua kama ana uwezo huo.

"Nifundishe kusema: mkimchukua mwanangu, awe anarudi kuniona."

Nikataka kutania, nikamwangalia, nikaacha.

"Huko ni mbali, mwalimu," akasema. "Nyangeta ananiambiaga watakaa Arusha, lakini najua ananipoza tu. Mafuru ameshatangaza Murangi nzima kwamba mtoto anaenda Ulaya."

Nikamwandikia kwa kifupi: You take my child. She comes back? Ile "s" ya "comes" aliikataa, akasema inamchelewesha. Nikaifuta.

Siku ikafika. Akaniomba niende naye Murangi. "Ukae karibu yangu. Nikikwama unisukume."

Tukakuta wageni wameshakaa. Baba wa kijana amewiva kwa jua, mama yake katulia na mkoba mapajani. Nikaambiwa wazazi wanaongea Kipolandi, kwa hiyo mpango ukawa hivi: Mama Nyangeta anasema Kiswahili, Mafuru anaweka Kiingereza, kijana anaweka Kipolandi. Yaani neno linabadilisha magari matatu kabla ya kufika.

Mama Nyangeta akaanza. "Shemeji, waambie mwanangu hajui kupika."

Mafuru akasimama, akavuta koti vizuri. "The mother says, her daughter is very good cook. All fish!"

Wakuu, amesahau kwamba huyu mama ana mwalimu.

"No!" Mama Nyangeta akanyanyuka. "No good! Mafuru, sit down!"

Akawageukia wageni. "My daughter cannot cook. Zero. I tell you today."

Nyangeta kajifunika kanga uso mzima. Wazee wa ukoo wananiangalia mimi, kwamba wewe ndo umetuletea haya.

Mara mama wa kijana akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu. Akaweka mkoba chini, akasimama na yeye.

"I also learn English," akasema polepole. "For you. In school for old people."

Akamnyooshea mwanae kidole. "He cook. She eat. No problem."

Vigelegele hapo, msiniulize!

Watafsiri wote wawili wakapoteza kazi. Mama Nyangeta akasogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"You take my child," akasema. "She come back?"

Yule mama akashangaa. "Me? No. You take my child. He stay Arusha. Always." Machozi yakamtoka.

Kumbe ni kweli wanakaa Arusha! Mafuru alitangaza Ulaya kwa sababu Arusha aliona haina sifa. Yule mama wa watu kavuka nchi zote hizo kuja kumuona mwanamke anayemnyang'anya mtoto, na huku Mama Nyangeta naye miezi yote analala na hofu ileile.

Mama Nyangeta hakushangilia. Akamshika mwenzake mikono yote miwili, halafu akamgeukia kijana kwa ile sauti ya mwaloni. "You! Go home, see mama! Every year! No go, no fish!"

Kijana akajibu, "Yes, mama." Angejibu nini kingine?

Mimi nimekaa pale sina kazi. Sikumsukuma mtu.

Nilichojifunza: nilidhani mtu mzima anasoma English apate cheti au kazi. Wengine wana jambo moja tu, wanataka kulisema wenyewe, pasiwe na mtu katikati. Siku hizi mwanafunzi mpya namuuliza kwanza, unataka kumwambia nani, na unataka kumwambia nini?

Sasa jana Jumamosi Mama Nyangeta kawahi, kakaa mbele.

"Mwalimu, English imetosha. Yule mwenzangu tunapigianaga video, lakini akifurahi sana anahamia kwenye lugha yake. Nifundishe hiyo."

Nikamwambia, "Mama, Kipolandi mimi sikijui."

"Una wiki nzima," akasema, akafungua daftari.

Wakuu, leo Jumapili. Mwenye kujua Kipolandi, hata salamu tu, anishushie hapa chini. Na mliowahi kufundisha watu wazima leteni vya kwenu, nijue siko peke yangu.