Pembetatu Kifuani mwa Kiprono

Harufu ya rangi mbichi imeingia hadi chumbani. Mjukuu wangu Chebet, anayeniandikia haya, amechora kibao cha duka lake la unga wa uji wa watoto hapa Kaptembwo, kwa herufi nyembamba zenye ncha. Nimemwamuru azifute, naye akaniuliza mimi bibi yake: "Gogo, na wewe husomi, umejuaje zimekosea?" Basi aandike, asinikatize.

Nililelewa katika shamba la mzungu kule Molo, na sisi watoto wa vibarua tulivaa magunia. Mama aliyafua magunia ya unga, akayakata, akashona. Herufi za magunia hayo zilikuwa nene, za mviringo, kama mashavu ya mtoto aliyeshiba. Tulitembea na matumbo yaliyoandikwa, wala hatukuona ajabu.

Siku moja mama aliokota nyuma ya ghala gunia jeupe lenye pembetatu nyekundu iliyosimama kwa ncha yake, na ndani yake herufi nyeusi zilizochongoka kama miiba. Alilifua. Alama za unga zilikuwa zikififia kwa maji. Hii ilizidi kung'aa. Akamshonea shati mdogo wangu Kiprono, aliyekuwa hajaanza kutambaa, na pembetatu ikakaa kifuani pake.

"Mama, mvue. Hiyo kitu inamwangalia vibaya."

"Sikieni mwalimu! Na mlango wa darasa hajawahi kuuona."

Asubuhi ukungu ulifunika boma, na hakuna jogoo aliyewika. Kuku walikuwa wamelala kuzunguka karai la maji ya kufulia, shingo zimenyooka, macho wazi. Ndani, Kiprono alikuwa akinyonya ukosi wa shati, kimya kabisa, mate yakimtiririka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Nililirarua shati lile mwilini mwake. Mama aliinua mkono anichape. Kisha akamtazama mtoto, na mkono ukabaki hewani. Akamfunga mgongoni, akakimbia zahanati.

Kiprono alipona. Tuliambiwa kwamba gunia lilikuwa la sumu ya wadudu wa shambani, na kwamba ngozi ya mtoto huinywa.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa alama ile ilikuwa na roho, na kwamba ilimtaka mdogo wangu. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba mtu fulani, mahali nisipopajua, aliketi akazichonga ncha zile makusudi, akimfikiria asiyejua kusoma. Alikuwa akitupigia kelele. Katika nyumba yetu nzima, mimi peke yangu nilimsikia, nami nikamdhania shetani.