Nilivyopaka Fedha Vioo vya Tukuyu

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga dawa. Nilitoka Mpuguso asubuhi kwa miguu, mvua ikaninyeshea njia nzima, mikono ikafa ganzi, na chupa ya kwanza niliyokabidhiwa ikaniponyoka kwenye sakafu ya karakana ya vioo pale Makandana. Fundi Mkuu, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walihamia Tukuyu kutoka pwani, hakunifokea. Alitazama sakafu, kisha akanitazama mimi.

"Binti, vidole vyako vitakuwa vyeusi wiki nzima," akasema. "Basi umeshakuwa fundi."

Kweli vilikuwa vyeusi. Ile dawa ilikuwa nitrati ya fedha, chumvi inayopatikana fedha ikiyeyushwa kwenye asidi, na ikigusa ngozi huacha weusi usiotoka kwa sabuni. Jumapili niliimba kwaya nimeficha mikono ndani ya kitenge.

Ninyi mnaonunua vioo dukani, hebu niwaambie. Kioo cha kujitazamia ni kioo kama cha dirisha, ila mgongoni kina utando wa madini, mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Sisi tulitumia fedha. Tulichanganya nitrati na amonia, kisha tukatia sukari, ileile ya chai, iliyokwisha kuchemshwa na matone ya asidi. Sukari ndiyo inayoilazimisha fedha itoke kwenye maji. Mchanganyiko hugeuka wa njano, ukawa wa kahawia, na ghafla kioo kinakurudishia uso wako! Nimeliona jambo hilo miaka na miaka, na kila mara moyo ulinidunda.

Maji yetu yalikuwa ya mvua, na mvua Tukuyu haijawahi kuwa shida. Tuliyakinga moja kwa moja kwenye ndoo uwanjani, yasipite kwenye bati la paa. Kabla ya kuyatumia tuliyadondoshea tone la nitrati. Yakigeuka kama maziwa, yana chumvi, tunayamwaga. Na mchanganyiko uliobaki haukulala karakanani hata siku moja, maana ukikauka unaweza kulipuka.

Kioo changu cha kwanza nilikitoa kwenye dawa mapema mno. Nilipokielekeza dirishani nikaona mwanga unapenya, tena wa bluu! Nikajua nimeharibu.

"Hujaharibu, umejifunza," Fundi Mkuu akasema. "Fedha ikiwa nyembamba namna hiyo, mwanga mwingi inaurudisha, na ule kidogo unaopenya unatoka na rangi ya bluu. Ukiona bluu, ngoja. Bluu ikipotea, toa."

Miaka ile ya uhaba wa bidhaa, watu walitufuata mpaka kutoka Isongole. Kisha biashara ikafunguliwa. Sokoni vikajaa vioo kutoka nje, vyenye fremu za plastiki za kila rangi, mgongoni vimepakwa alumini. Bei yake ya chini hatukuiweza. Kioo chetu kikubwa kuliko vyote kikasimama ukutani msimu mzima bila mnunuzi, na nitrati ikakaribia kwisha.

Ndipo akaja Mkuu wa Maabara wa hospitali, mkononi ana kitu kidogo amekifunga kwenye leso.

"Ugonile, dada," akanisalimu. Akafungua leso. Kilikuwa kioo cha hadubini, ile mashine ya kuonea vijidudu. Kilikuwa cha duara, kimebonyea kidogo kama kijiko, na unyevu ulikuwa umekula fedha yake karibu yote. "Taa ya hadubini imeungua, na umeme wenyewe mnaujua. Bila kioo hiki cha kukusanya mwanga wa dirishani sioni malaria, sioni kifua kikuu. Watu wamepanga foleni."

Fundi Mkuu alikigeuza karibu na uso wake. Wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Akanikabidhi mimi.

Nilitumia nitrati yote iliyobaki. Fedha ikashika kila mahali, isipokuwa katikati, palipokuwa na alama ya kidole changu. Mafuta ya kidole tu! Nilitamani kulia.

"Nitrati nyingine itafika lini?" Mkuu wa Maabara akauliza.

Mimi nilikuwa natazama kile kioo kikubwa ukutani.

"Fundi," nikasema, "fedha si ile pale?"

Mzee akacheka kwa sauti. "Kishushe! Kishushe haraka!"

Tulikwangua rangi ya mgongoni inayoikinga fedha, nikaiyeyusha fedha yake kwa asidi ya nitriki, nikaikausha taratibu kwenye jiko la mkaa nje, nikikwepa moshi wa kahawia usiniingie kifuani. Zikabaki chembe nyeupe chini ya bakuli: nitrati! Nikakisafisha kile kioo kidogo mara tatu, nikakishika kwa kibanio. Bluu ikaja, nikangoja. Bluu ikapotea.

Hospitalini Mkuu wa Maabara alikifunga kwenye hadubini, akakielekeza dirishani, akainama. Akakizungusha kidogo, akainama tena.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana. "Njoo uone."

Nikaona uwanja unaong'aa, na ndani yake vijiduara vya zambarau kama pete ndogo. "Hiyo ni malaria ya mama aliyekaa hapo nje," akaniambia. "Leo anapata dawa."

Fundi Mkuu mwenyewe ndiye aliyenisukuma nihamie hospitali. Nikawa fundi wa vifaa, baadaye nikapewa chumba cha giza cha eksirei. Na humo nikaikuta fedha tena, safari hii imesagika kuwa punje ndogo zisizoonekana, nyeusi tii kwenye filamu. Madini yaleyale! Utando unang'aa, punje zinatoa weusi.

Mwaka niliostaafu ililetwa mashine mpya isiyotumia filamu. Siku ya kuniaga, kijana wa eksirei alinionyesha picha ya mbavu kwenye kompyuta, akiniangalia kwa huruma kama mtu aliyefiwa.

"Humu fedha iko wapi?" nikamuuliza.

"Haimo, Mama."

"Haimo kabisa? Sasa picha inatoka wapi?"

Nje gari la kunirudisha Mpuguso lilikuwa linapiga honi. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Nieleze," nikamwambia. "Anzia mwanzo."