Asumini za Shangazi Zuwena

Wenzangu mliokulia huku ughaibuni, Deira, enzi za feni za dirishani mtakumbuka kuwa matembezi yetu hayakuwa na tiketi. Ijumaa mkeka ulitupwa nyuma ya pikapu, chupa ya chai ikapakatwa, nasi watoto tukabanana juu ya mito, hao, mpaka shamba la tajiri mmoja wa lulu nje ya mji. Mwenyewe alishafariki. Wanawe waliiacha bustani wazi kwa familia kila Ijumaa hadi saa kumi alasiri, iwe sadaka ya mzee wao. Nyumba yake ya kiangazi ilikuwa na kuta nene, na mbele yake mitende, midimu na mfereji wa maji baridi tulimotumbukiza miguu mpaka vidole vikakunjamana.

Ijumaa ninayoikumbuka zaidi ni ya harusi ya shangazi Zuwena, dada yake baba. Nyumbani palijaa masufuria na majirani, tukafukuzwa sisi watoto pamoja na bibi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hapatani na wapishi. Bibi hakununa hata kidogo. Alikuwa na lake jambo. Alishakula yamini kuwa binti yake hatolewi ndani bila kikuba, kile kishada cha asumini na mrehani, kifuani, kama alivyotolewa yeye Unguja. Mrehani alikuwa nao, ameuotesha barazani ndani ya kopo la maziwa ya unga. Asumini ndizo alizokosa. Zile za sokoni, zilizotungwa tayari, alizikataa akisema zimeshapita mikono mingi mno. Na ukuta mmoja wa nyumba ya tajiri ulikuwa umefunikwa wote na mwasumini.

Mimi na binamu zangu tukataka kumfurahisha. Tulipokwisha kula kachori na mikate ya kumimina, tukaacha mdako wetu wa kokwa za tende, tukauvamia ule ukuta, tukajaza kanga maua meupe yaliyochanua yakapendeza. Tukampelekea mbio. Bibi akayanusa, akayamwaga chini ya mdimu.

"Haya yashanukia jana," alisema. "Mwanangu nimtoe na harufu ya jana?"

Ndipo tulipojua kuwa asumini ya kikuba huchumwa ikiwa bado tumba, jua linapoanza kulegea, ili ifunguke usiku kifuani mwa mwenyewe. Na jua hulegea baada ya lango kufungwa.

Saa kumi mlinzi, mzee wa Kibaluchi mwenye funguo kiunoni, akaanza kuwatoa watu: yalla, yalla, khalas. Baba, asiyependa fedheha, akawasha gari. Bibi alimweleza mlinzi haja yake kwa Kiarabu alichosoma utotoni chuoni, kile cha vitabuni, mzee wa watu akadhani anasomewa hotuba. Akatikisa kichwa, akaonyesha lango. Bibi akasema vyema, basi asali kwanza. Akatawadha mferejini, akatandika mswala chini ya mwasumini, akasali. Alipotoa salamu hakunyanyuka, akashika tasbihi. Nani atamnyanyua mama mtu mzima anayemtaja Mola wake? Mlinzi alizunguka, akakohoa, akachezesha funguo. Baba akazima gari. Bibi midomo ilikuwa kwenye nyiradi na macho kwenye matumba. Mimi nilikuwa na hofu ya kweli, nikimwona shangazi amekaa na hina yake, harusi imesimama, wageni wanatazamana.

Jua lilipolegea akakunja mswala, akaanza kuchuma. Mzee wa Kibaluchi akamtazama, akashusha pumzi, akaondoka. Tukajua kaenda kuwaita wenye shamba. Akarudi na ngazi. Matumba ya juu aliyachuma yeye, akituangushia ndani ya kanga, na bibi alimwombea dua njia nzima ya kurudi.

Usiku ule shangazi alitolewa na kikuba chake, na matumba yakafunguka mbele ya wageni. Wapo kina mama waliokuwa hawajarudi kwao Unguja kwa miaka, wakalia wazi wazi huku wanacheka. Sijaona tena harusi iliyofurahi namna ile.

Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu kwenye bustani ile ile. Siku hizi tiketi iko kwenye simu, na mbele ya mwasumini pana kamba. Vijana wetu hodari kweli. Mmoja alilizunguka shamba zima akijitazama yeye mwenyewe kwenye simu, akatoka ameridhika. Binti yangu anaolewa mwakani kwenye hoteli moja ya Garhoud, na maua yake yatakuja kwa ndege, mazuri, hayanuki chochote. Nilipomsimulia habari za bibi alitia simu mkobani, akainama juu ya kamba, akanusa. Matumba yalikuwa bado yamefumba. Hakusikia harufu yoyote.

"Mama, tungoje basi," aliniambia.

Msichana wa langoni akatujia kwa adabu, akasema wanafunga saa kumi. Nikamshika mwanangu mkono, nikamwambia twende, tutakutwa na foleni ya magari. Hata enzi zile lango lilifungwa saa kumi. Ila bibi alikuwepo.