Sista Eugenia Wakesho na Siku Tatu za Kunyamaza

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1951 huko Mgange, katika vilima vya Taita, mtoto wa nne wa mzee Mwakio, fundi wa kuezeka nyumba. Akiwa na miaka tisa alitaka kujua kifaranga hutokeaje ndani ya yai. Kuku wa nyanya yake alipoanza kuatamia, Wakesho akawa anaiba yai moja kila asubuhi, analivunja nyuma ya choo, na kuandika alichokiona katika daftari la shule. Siku ya saba nyanya akamnasa. Hakumpiga. Alilitazama daftari lile, ingawa hakujua kusoma, akasema, "Haya, umejua. Na kifaranga wangu yuko wapi?" Wakesho alilitunza daftari hilo maisha yake yote, na mimi ninayeandika haya, katekista wa Garissa tangu mwaka 1986, nimelishika kwa mikono yangu.

Aliweka nadhiri mwaka 1974, akasomea kazi ya maabara, na mwaka 1991 akatumwa kwenye zahanati yetu ndogo mjini Garissa. Tusidanganyane, hakupokewa kwa vigelegele. Mtawa mgeni, anayechoma watu sindano na kuondoka na damu yao! Wa kwanza kumkabili alikuwa Nafiso, muuza maziwa wa mtaa wa Waberi, mama asiyeogopa mtu. "Damu yangu unabeleka wabi?" aliuliza kwa lafudhi yake ya Kisomali, akiushika mkono wa sista. Eugenia akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye hadubini, akamwacha aitazame mwenyewe. Tangu siku hiyo akajiwekea kanuni: jibu la damu aambiwe kwanza mwenye damu, ndipo liandikwe kitabuni. Nafiso naye akawa mkalimani wake na rafiki yake, akimwita abaayo, yaani dada.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zikaja mvua ambazo hakuna mzee aliyekumbuka mfano wake. Mto Tana ulimeza mashamba na barabara, na wafugaji wakakwama juu ya miinuko pamoja na mifugo yao. Mbuzi na ng'ombe wakaharibu mimba, kisha wakaanza kufa. Baadaye watu nao wakaanza kutoka damu puani na mdomoni. Watafiti walikuja kwa helikopta na masanduku ya barafu, wakiongozwa na daktari mmoja ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa bado yu hai na nimemsamehe, au najitahidi. Wakamwomba Sista awasaidie kupima damu katika maboma mawili ya wafugaji. Kwanza alitia sahihi karatasi ya kutunza siri.

Majibu yalipotoka, Sista aliona jambo ambalo hakulitazamia. Wafugaji wale ni Waislamu, na Waislamu hawali mzoga. Kwa hiyo mnyama akianza kuyumba, wanaume hukimbia na kisu wamchinje kwa jina la Mungu kabla hajakata roho, nyama isipotee na watoto wasilale njaa. Ni desturi ya watu wenye akili na wenye kumcha Mungu. Lakini katika ugonjwa huu, damu ya mnyama mgonjwa ndiyo iliyowaingia wachinjaji. Desturi iliyowalisha miaka yote ndiyo sasa iliyokuwa ikiwaua.

Daktari naye akaliona. Akaamua boma la kwanza lionywe, la pili lisiambiwe kitu kwa wiki tatu, ili ilinganishwe hesabu ya wagonjwa. Katika boma la pili aliishi Weris, mdogo wake Nafiso, na mumewe Siyad. Haki itendeke, daktari hakuwa mtu katili. "Sista," alisema, "bila kulinganisha hatuna ushahidi. Bila ushahidi hakuna atakayetusikia, na mafuriko yajayo yataua maelfu." Maneno hayo yana uzito, nami sijui kama ningeweza kuyajibu.

Sista alikuwa ametia sahihi, na maishani mwake hakuwa amevunja neno alilotoa. Alinyamaza siku ya kwanza, akasali. Akanyamaza siku ya pili. Siku ya tatu jioni Nafiso aliingia maabara bila kubisha hodi, macho mekundu. Siyad alikuwa amechinja ndama wiki iliyopita, akaanza kuumwa, na asubuhi ile alikuwa amechinja ng'ombe mwingine huku anatetemeka. "Abaayo," akasema, "wewe unajua kitu. Usoni nakuona. Niambie!"

Sista akamwambia yote. Kulipokucha walikwenda kwa Sheikh Shuaib, kwa maana Eugenia alijua kwamba mtawa hawezi kwenda kuwaambia Waislamu waache kuchinja. Sheikh alimsikiliza hadi mwisho. "Dini imetukataza kula mzoga," alisema. "Haijatulazimisha kumkimbilia mnyama na kisu. Afe, tusimle, tusimguse. Nafsi ya mtu ina thamani zaidi. Twende." Wakavuka maji yaliyowafika kifuani, wakishikana kwa kamba. Walipofika, Siyad alikuwa ameshazikwa.

Boma la pili likaonywa, na utafiti ukaharibika. Daktari alimfokea Sista mbele za watu, barua ikaandikwa kwa mkuu wa shirika lake la watawa, naye akaondolewa maabara akapewa kazi ya kuosha chupa. Wapo waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami nawauliza: mkuu ni yupi? Sista mwenyewe hakujitetea. Aliosha chupa, na kila alipopata nafasi alivuka kwenda kumsaidia Weris na watoto. Ugonjwa ule huenezwa pia na mbu, na mbu wa mafuriko hawakumbagua. Februari 1998 alianza kutoka damu.

Daktari alikuja mwenyewe na sindano, akaona haya hata kuomba. Sista akanyoosha mkono. "Chukua," akasema, "ila jibu niletee mimi kwanza." Kesho yake yule daktari aliketi kando ya kitanda, akamweleza kwamba hatapona, na akalia. Sista akamshukuru. Alifariki tarehe 19. Siku ya maziko Sheikh Shuaib na wafugaji walisimama nje ya ua wetu juani, hadi udongo wa mwisho ulipotupwa.

Watu husimulia kwamba baada ya siku ile ya onyo hakuna aliyekufa tena katika boma la pili. Ningependa sana kuandika hivyo, lakini si kweli. Walikufa wawili, nao walikuwa wagonjwa tangu awali. Nikiongopa ili kumtukuza, atanikemea huko aliko. Muujiza ninaoujua ni huu: hadi leo katika zahanati yetu jibu huambiwa kwanza mwenye damu, na Nafiso hukaa mlangoni kuhakikisha.

Ndugu waamini, msimwige kwa kudhani kwamba hakukosea. Tulipofungua sanduku lake tulilikuta lile daftari la utoto, yai baada ya yai, siku saba. Chini ya siku ya saba, kwa mwandiko wa mtu mzima, palikuwa na mstari mmoja: "Siyad, mume wa Weris. Nilijua siku tatu. Yuko wapi?"