Mrija wa Mita Sitini

Fundi wa maabara moja ya maji mjini Kasulu hufuta vidole kwenye koti kabla ya kushika hata kalamu, na huibembeleza mashine yake ya kupimia maji kama mtoto aliyekataa uji. Siku hiyo Dorcas, muuza chai wa Kibondo, alimrudia na chupa ya maji ya kisima kilicho jirani na kituo cha mafuta.

"Mtaalamu, majibu yako yalisema maji ni salama. Wateja wangu wanasema chai inanuka petroli."

Fundi alinusa chupa. Akafungua mashine, akatoa mrija mwembamba kama uzi, uliozungushwa duara.

"Huu ni mfupi, unapitisha vitu kwa pamoja. Dawa wanayochanganya kwenye petroli imejificha humo. Tuweke wa mita sitini, kila kitu kitoke kwa zamu."

"Kumbe ni foleni."

"Foleni hasa, mama."

Baada ya saa moja, kilima kimoja cha mchoro kwenye skrini kilikuwa kimegawanyika kuwa viwili, cha pili kikiwa ile dawa ya petroli. Fundi alichukua nakala ya majibu ya zamani, akaandika juu yake NILIKOSEA, akatia sahihi.

"Mpe mwenyekiti wa mtaa wenu. Kisima kifungwe leo."

Njia nzima Dorcas alikuwa amejiandaa kugombana naye. Aliikunja karatasi, akamuuliza kama amekula.