Bati Lililomwangukia Mpiga Gitaa

Gitaa lilinifikia kwanza. Nilikuwa bado napanda njia ya kwenda kwa bibi, kule Mwika, migomba imenifunga pande zote mbili. Sikuona nyumba, sikuona moshi wa jikoni, sikuona hata mbwa ambaye huwa anakuja kunibwekea njiani. Lakini gitaa lilikuwa linashuka mlimani kama maji ya mfereji, na kila nilipopinda, nalo lilipinda.

Niliujua wimbo. Nadhani mlima mzima uliujua. Ni wimbo mrefu wa rock wa wazungu fulani wa zamani. Unaanza taratibu kama mtu anayetafuta viatu vyake gizani, halafu katikati mwimbaji ananyamaza, na gitaa linabaki peke yake. Linalia, linabembeleza, linagomba, linaomba radhi, linagomba tena. Kila Jumamosi saa kumi jioni redio ninayofanyia kazi, mjini Moshi, ilikuwa ikiupiga mzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nikafika uani. Sauti haikuwa inatoka sebuleni, ilikuwa inatoka bandani kwa ng'ombe. Bibi alikuwa kwenye kigoda, ndoo katikati ya magoti, redio imening'inizwa kwenye msumari juu ya kichwa cha ng'ombe. Gitaa lilikuwa limefika pale linapoanza kupanda. Mara likakatika. Akaingia hewani mwanamume wa tangazo, mwenye furaha isiyo na sababu: mabati! Mabati imara, mabati ya rangi, mabati ya kisasa! Ng'ombe akapiga teke, ndoo ikayumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ni wewe umekata?"

"Si mimi, bibi. Mimi nasoma meseji za wasikilizaji tu."

"Basi soma na yangu. Huyu ng'ombe hashushi maziwa kwa mabati."

Hakuwa anatania. Bibi alikuwa amezoea kumkamua ng'ombe huyo na wimbo huo, na ng'ombe alikuwa amezoea vilevile. Gitaa likianza kupanda, maziwa yalishuka. Sasa ilikuwa Jumamosi ya kwanza mabati kuingilia kati, na yule mnyama alikuwa amegeuza shingo, anamtazama bibi kama mteja aliyepunjwa.

Kabla sijajibu, mtangazaji wetu akarudi hewani. Ana sauti nzito, ya polepole, na siku hiyo ilikuwa polepole zaidi. "Wasikilizaji, samahani," alisema. "Bati limemwangukia mpiga gitaa. Tuzidi kumwombea."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilicheka pia, lakini kicheko changu kilikatika mapema, kwa sababu mimi nilimjua meneja.

Meneja wetu alikuwa ameletwa kutoka Dar es Salaam kuja kuiokoa redio. Hakuwa mtu mbaya. Alivaa koti hata jua la Moshi likiwaka, na aliamini kwamba redio ya biashara ni biashara kwanza, redio baadaye. Kwake wimbo ulikuwa mkungu wa ndizi, na kazi yake ilikuwa kuuza chane moja moja. Alikuwa ameketi studio Jumamosi kadhaa, akagundua kwamba gitaa linapopanda hakuna anayepiga simu, hakuna anayetuma meseji. Mtu mwingine angesema watu wamechoka. Yeye alielewa vizuri kabisa: watu wameshika pumzi. Akaamua kwamba hapo ndipo pa kuwauzia bati.

Jumatatu nilipofika kazini, mambo yalikuwa yameshaharibika. Mwenye mabati ni mzee wa hapahapa mlimani, ana duka kubwa mjini, na tangu Jumapili asubuhi, tangu kanisani, watu walikuwa wakimsalimia kama chifu, kwa swali moja: "Mangi, mpiga gitaa ameamkaje?" Wapagazi waliopita dukani kwake walivua kofia kama wanaopita msibani. Mzee alipiga simu redioni. Alisema tangazo lake litaondoka na yeye ataondoka nalo, na hatarudi mpaka aliyemfanya kichekesho aombe msamaha.

Meneja akamwita mtangazaji ofisini. Mimi nilikuwa nje ya mlango, nikipanga karatasi zilizokwisha pangwa.

"Mzee wangu, muombe msamaha."

"Nimekosa nini? Nilitoa taarifa. Bati liliangukia gitaa, kila mtu alisikia."

"Usipoomba mpaka Jumamosi, kipindi hakipo."

Akatoka bila kuaga. Lazima niseme kipindi hicho kilikuwa nini kwake. Siku nyingine zote za wiki mtu huyu alisoma matangazo ya vifo. Marehemu wa Sanya Juu, marehemu wa Rau, watoto wa marehemu popote walipo, mazishi yatafanyika nyumbani. Aliyasoma vizuri kiasi kwamba familia zilikuja kuomba asome yeye, kwa sauti yake. Siku moja tukinywa chai aliniambia kwamba anayesoma vifo wiki nzima anahitaji gitaa moja Jumamosi, la sivyo na yeye ataanza kunuka udongo. Akachovya mkate kwenye chai, akabadilisha mazungumzo. Hivyo nilijua. Meneja alidhani anamnyang'anya saa moja ya wiki.

Wakati huo meneja, kwa kuwa ni mtu wa kisasa, alitaka ushahidi. Akaniambia nifungue simu kila mchana, wasikilizaji watoe maoni: wimbo upigwe mzima, au ukatwe? Nadhani alitegemea watu wa mlimani wauone wimbo kuwa kelele. Baadhi yao waliuona hivyo.

Mama mmoja wa Rau alianza. "Huyo anayepiga gitaa ana shida gani? Hana ndugu wa kukaa naye wakazungumza?"

Mpanga magunia wa Sanya Juu alikuwa na hoja yake. "Mimi lugha yenyewe siijui. Lakini ukianza, naanza kushona magunia ya viazi, ukiisha, lori limefika. Juzi mmekata, nikadhani nimechelewa, nikashona na mkono wa shati."

Kijana mmoja akaingia kwa fujo. "Oya, huo wimbo ni wa mababu! Wekeni singeli, sisi tunateseka!" Nyuma yake sauti ya mama yake ikasikika: "Weka hiyo simu chini, ukafunge mbuzi."

Mwongoza watalii alisema anao kwenye simu yake. Wageni wakichoka kule juu kwenye baridi, wakikaa chini na kukataa kuendelea, anawawekea lile gitaa. "Wanalia kwanza," alisema. "Halafu wanasimama."

Mwalimu wa kwaya ya usharika alizungumza kwa muda mrefu, akalalamika kwamba besi ya wimbo ni ya kivivu na kwamba wazungu wale hawakufanya mazoezi ya kutosha. Tulidhani amemaliza. "Lakini pale mwisho," akasema, "lile gitaa ni kama mtu anayesali na maneno yamemwishia." Halafu akakata simu, kama aliyeona aibu.

Aliyenishangaza zaidi ni mama mmoja aliyetetea matangazo. "Mimi nayapenda. Wimbo utaniambia saruji inauzwa wapi? Utaniambia dawa ya minyoo ya ndama imefika? Matangazo ndiyo yananiongelesha mimi. Wimbo unaongea na nani?" Meneja alipiga meza kwa furaha.

Ndipo ikaingia sauti niliyoifahamu kuliko zote, ikisema iko Mwika. "Mwambieni mwenye redio kwamba mimi sina neno na mabati. Hata banda langu lina mabati. Lakini bati hukaa juu ya nyumba. Kwa nini anaingia nalo katikati ya ng'ombe wangu?" Meneja aliniuliza kama namjua mama huyo. Nilisema sauti za wazee wa huku zinafanana.

Jioni bibi alinipigia simu, safari hii kwa mambo ya nyumbani.

"Huyo mtangazaji wenu hajapeleka isale?"

"Amekataa kuomba msamaha, bibi."

"Nani kasema aombe? Nimesema isale."

Isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Kwetu, mtu aliyekosana na mwenzake humpelekea jani lake, na akilipokea, ugomvi umekufa. Hotuba haihitajiki. Na aliyeletewa hawezi kukataa. Ukikataa isale, ni wewe sasa mwenye kosa, na kijiji kizima kitakuhesabia. Nilimwambia bibi kwamba mtangazaji ni mtu wa mlimani, anajua yote hayo, na bado hataki, kwa sababu haoni kosa.

"Basi si lazima awe yeye," alisema bibi. "Mimi ndiye ninayekosa maziwa."

Ijumaa asubuhi alishuka mjini. Alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu, na mkononi alibeba jani la isale alilolichagua mwenyewe, refu, halina hata doa. Sasa, bibi yangu ameamini maisha yake yote kwamba kila anayesikika redioni anakaa ndani ya redio. Mwenye mabati alisikika kila siku, kwa hiyo ofisi yake ilikuwa hapo hapo. Alipofika mapokezi akauliza mkubwa wa mabati ni yupi. Dada wa mapokezi, aliyesikia neno mkubwa peke yake, akamwonyesha mlango wa meneja.

Niliwahi kufika mlangoni tu. Bibi alikuwa ameinama kidogo, amenyoosha jani kwa mikono miwili.

"Baba, tunaomba yaishe."

"Asante sana, mama! Zuri kweli!" Meneja akalipokea, tena kwa mikono miwili, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Akatafuta glasi, akaweka maji, akalisimamisha juu ya meza karibu na kompyuta. Bibi alimtazama akilinywesha maji jani la msamaha. Akakaza fundo la kitenge chake, akatoka.

Nje alinishika mkono. "Yule si mtu wa huku."

"Si wa huku, bibi. Na si wa mabati."

"Amepokea lakini."

"Amepokea."

"Basi mengine ni ya Mungu." Akaenda sokoni kununua chumvi.

Mchana huo mzee wa mabati alikuja mwenyewe kuvunja mkataba. Aliingia na hasira yake imepigwa pasi vizuri, kofia kichwani, fimbo mkononi. Mimi niliitwa nilete chai. Mzee hakuketi. Alikuwa anaanza kusema, "Kijana, nimekuja kumaliza," ndipo macho yake yalipoliona jani mezani.

Meneja aliona anavyolitazama, na kwa vile alikuwa anatafuta chochote cha kumlainisha mteja, alifanya jambo la uungwana kabisa. Alilitoa kwenye glasi, akalikung'uta maji, akainuka, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Umelipenda, mzee? Chukua. Ni lako."

Nilikuwa nimeshika birika. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Chai ilikuwa inahitaji umakini mkubwa, nikaimimina.

Mzee alivua kofia. Alimtazama huyu kijana wa Dar, koti lake, tai yake, na jani linalodondosha maji kwenye kapeti. Nadhani hakutegemea. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, kwa punguzo la bei, kwa kalenda ya bure. Akaweka fimbo chini, akalipokea.

"Wewe ni mgeni," alisema taratibu, "lakini umelelewa. Basi. Yamekwisha."

"Yamekwisha?" Meneja alikuwa anatabasamu bila kujua kwa nini.

"Yamekwisha. Tangazo libaki. Ila lipigwe kabla ya wimbo. Siwezi kupokea hili kwa mkono huu, halafu kwa huu nikaendelea kukata kitu cha watu." Akalikunja jani, akalitia ndani ya koti. "Na huyo mzee wenu apige gitaa lake mpaka lichoke. Masikioni mwangu linalia sawa na mashine yangu ya kukatia bati. Silipendi, na sitalipenda."

Jumamosi mtangazaji alikuja mapema. Alinikuta nikipanga meseji.

"Mzee wa mabati amekubali vipi?"

"Aliletewa isale."

Alikunja uso. "Na nani? Mimi sikumtuma mtu."

"Na meneja."

Alikaa chini. Alianza kucheka bila sauti, mabega tu, halafu sauti ikaja, na ilikuwa haijaisha tangazo la mabati lilipopigwa, wala wimbo ulipoanza. Alifuta macho kwa leso, akaegemea kiti, akaliacha gitaa liende. Sijawahi kumwona mtu akisikiliza hivyo. Alikuwa anakunja na kukunjua vidole, kama anayenawa mikono.

Kicheko kilikuwa kimemfikia meneja ofisini kwake. Alifungua mlango wa studio, akachungulia, akaingia.

"Bosi, aika," mtangazaji akamwambia, yaani ahsante, na alimaanisha. "Mimi kwa kiburi changu nisingelibeba jani lile. Umelibeba wewe."

"Jani gani? Lile ua?"

"Ndilo tunaloombea msamaha huku. Ulimwomba mzee radhi kwa niaba yangu. Mji mzima utakusifu."

Meneja alisimama akilipitia jambo zima kichwani, tangu glasi ya maji. Nilimwona anafika kwenye birika. Akanigeukia.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, bosi."

Alivuta pumzi ya kutosha kunifukuza kazi. Lakini gitaa lilikuwa limefika kwenye noti yake ya mwisho. Mtangazaji alishainua mkono kuelekea kitufe cha maikrofoni, kidole cha mkono wa pili kikiwa mdomoni, na taa nyekundu ikawaka. Meneja akaimeza pumzi yake yote. Akarudi kinyumenyume kwa ncha za viatu, koti likiwa limemwinuka mabegani, akaufunga mlango nyuma yake polepole sana, usije ukasikika hewani.