Misonobari ya Mzee Haroub

Kule Ole mkarafuu haukatwi. Ukimkuta mtu ana shoka shambani mwako, unampiga kwanza, kisha ndio unamuuliza. Kwa akili hiyo hiyo Mzee Haroub alipanda misonobari, ikabanana kama nywele. Bwana misitu akamwambia aipunguze, itakayobaki ipate jua na nafasi. Mzee akamfukuza.

"Wewe una watoto wengi. Umemchinja yupi ili wenzake wanenepe?"

Asubuhi moja akamkuta Bi Mwanaasha, mjane jirani yake, anakata miti pembeni mwa shamba ajengee kibanda chake kilichoanguka. Akamnyang'anya shoka, akampiga kwa mpini wake mpaka mkono ukavunjika. Ukapona umepinda, na kibanda hakikujengwa.

Miaka ikapita. Misonobari ikarefuka kwa kugombea jua, myembamba, haina nguvu. Ukaingia ugonjwa, majani yakageuka mekundu, mti ukauambukiza mti. Masika ya mwaka jana upepo ukaja ukailaza yote, isipokuwa pale pembeni, kwenye visiki vya Bi Mwanaasha. Hapo ilisimama michache, minene, kijani kibichi.

Mzee alikuwa amekaa juu ya gogo bovu Bi Mwanaasha alipopita na ndoo kichwani, ameishika kwa mkono wake mzima. Akaitazama miti iliyolala, akaitazama iliyosimama.

"Haroub," akasema, na wala hakumwita Mzee, "ungechelewa kunivunja mkono mpaka jioni, leo ungekuwa na msitu."